Nani Anazungusha Vidole vya Reki?

Fungua robota la hei juu ya sakafu safi ya saruji, likung'ute, waache ng'ombe wale, kisha uangalie kilichobaki chini. Vitu viwili vitakuwa vimechanganyika. Kimoja ni unga wa kijani, vipande vidogo vya majani yaliyovunjikavunjika. Kingine ni vumbi lenye rangi ya shamba lilikotoka robota. Ule unga wa kijani ulikuwa na chakula kingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya robota, na sasa unasubiri ufagio. Vumbi halina chakula hata chembe, nawe umelinunua kwa bei ya majani.

Lawama kwa kawaida humwangukia aliyechelewa kukata, au aliyefunga majani yakiwa mabichi, au mvua. Reki husahaulika. Ni mashine isiyo na makeke: haina kisu, haifungi kamba, na hata trekta dogo huivuta bila kuhema. Kazi yake ni kupita shambani majani yakishakatwa na kuanikwa, iyakusanye yawe matuta marefu, ili mashine ya kufunga marobota ipite juu ya tuta na kuyameza. Lakini hiyo ndiyo mashine inayochana shamba zima, kila mita ya mraba, vidole vyake vikiwa karibu kabisa na udongo, tena saa ileile ambapo majani yanaanza kuvunjika yakiguswa.

Mwaka 2017 jarida la kisayansi la Agronomy Journal lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika majimbo matatu ya Marekani: Minnesota, Wisconsin na Pennsylvania. Zao lilikuwa lusini, ambayo wengine huijua kwa jina la alfalfa. Ilikusanywa kwa mashine nne tofauti. Ya kwanza ni reki ya magurudumu, yenye magurudumu makubwa membamba yaliyozungukwa na vidole vya waya, kama jua lililochorwa na mtoto. Ya pili ni reki ya fito, ambayo fito zake ndefu za chuma huzunguka na kusukuma majani upande mmoja. Ya tatu ni reki ya rota, yenye mikono inayozunguka nguzo iliyosimama, ikifagia majani kwa mkupuo wa duara. Ya nne si reki hasa: huyaokota majani, huyapandisha kwenye mkanda na kuyamwaga pembeni bila kuyaburuta.

Kilichotafutwa ndani ya hei kilikuwa majivu. Maabara huchukua sampuli, huiweka kwenye tanuru lenye joto la nyuzi 550 au 600, na kuiacha humo mpaka kila kinachoweza kuungua kiishe. Kinachobaki ni madini. Sehemu ya madini hayo ni mali ya mmea wenyewe, kalsiamu, potasiamu na mengine yaliyofyonzwa na mizizi. Kwa lusini hufika karibu asilimia 8 ya uzito mkavu. Kinachozidi hapo, kwa sehemu kubwa, ni udongo. Hesabu yake si ngumu. Kila asilimia moja ya ziada ni kilo 10 katika kila tani. Hei ya lusini yenye majivu asilimia 12 imebeba kilo 40 hivi za shamba la mtu.

Kabla reki haijapita, majivu hayakutofautiana. Baada ya kupita, yalitofautiana. Reki ya magurudumu iliacha udongo mwingi zaidi kwenye tuta. Reki ya fito na mashine ya mkanda ziliacha kidogo zaidi, na reki ya rota ikakaa katikati. Kwa upande wa protini na nyuzinyuzi, mashine zote nne zilikaribiana, jambo ambalo muuzaji wa reki ghali hatakuwa na haraka ya kukwambia.

Mtu anaweza kuyasoma matokeo hayo akaona orodha tu ya mashine, ipi inunuliwe na ipi iachwe. Mimi naona kwamba mashine hizo zinatofautiana kwa jambo moja lililo chini ya chuma chote hicho: ni nani anayevizungusha vidole.

Kwenye reki ya magurudumu hakuna giaboksi, wala hakuna shafti inayotoka kwenye trekta. Ndugu wawili wa Uholanzi, Cornelis na Arij van der Lely, walianzisha kampuni yao huko Maasland mwaka 1948 kwa mashine ya namna hii, na mpaka leo uzuri wake haujabadilika: haina vitu vingi vya kuharibika. Trekta linavuta, ncha za vidole zinagusa ardhi na majani, msuguano unayazungusha magurudumu, na magurudumu yanayaviringisha majani kuelekea pembeni. Bei yake ni nafuu. Fundi wa kijijini huifungua na kuifunga kwa spana mbili. Ila ukiitazama vizuri, injini ya reki hiyo ni udongo. Vidole havina budi kugusa ili vizunguke; ukiviinua, magurudumu husimama, isipokuwa pale majani yanapokuwa mengi kiasi cha kuyasukuma yenyewe. Na kidole kinachogusa udongo kutwa nzima hakiwezi kurudi mikono mitupu.

Reki ya fito iko tofauti. Mara nyingi nguvu yake hutoka kwenye magurudumu yanayoibeba reki yenyewe, hupita kwenye giaboksi, ndipo ikafika kwenye fito. Reki ya rota hupata nguvu kwenye PTO, yaani shafti inayozungushwa na injini nyuma ya trekta, nayo pia kupitia giaboksi. Katika zote mbili, kazi ya kuzungusha imeondolewa kwenye ncha za vidole ikapewa gia. Kidole kimebaki na kazi moja, kusukuma majani. Kwa hiyo kinaweza kuinuliwa sentimita moja au mbili juu ya ardhi na kikaendelea kuzunguka kama kawaida. Kama giaboksi ya reki ina faida moja ambayo ng'ombe anaionja, ni hiyo.

Basi kwa nini reki ya rota, yenye giaboksi kubwa kuliko zote, haikushika nafasi ya kwanza? Kwa sababu kuinua kidole si kuyainua majani. Rota huyaburuta majani juu ya ardhi kwa upinde mrefu hadi yafike kwenye tuta, na kila hatua ya mburuto huo ni nafasi ya kuokota vumbi. Zaidi ya hapo, giaboksi imempa dereva uhuru ambao mwenye reki ya magurudumu hana: anaweza kuchagua kasi ya vidole bila kujali kasi ya trekta. Hapo ndipo mambo huharibika.

Tuingie ndani ya giaboksi kidogo. Shafti ya PTO huleta mzunguko uliolala, kutoka nyuma ya trekta. Rota inataka mzunguko kwenye nguzo iliyosimama, tena wa polepole zaidi. Kwa hiyo ndani kuna gia ndogo yenye meno machache inayouma gia kubwa yenye meno mengi, zimekutana kwa pembe mraba. Fundi wa magari atazitambua mara moja: ni krauni na pinioni, zilezile zinazokaa kwenye difu. Pamoja na gia hizo kuna njia ya chuma iliyopinda, ambayo mafundi huiita kamu. Kila mkono wa rota una kigurudumu kidogo kinachofuata njia hiyo. Mkono ukifika upande wa tuta, njia inaupindua, vidole vinainuka, vinayaacha majani pale na kuendelea na safari. Kamu ikiwa nzima, tuta linakaa laini na lenye hewa ndani. Ikiwa imelika, vidole vinachelewa kuinuka, vinalikwaruza tuta na kulivuta tena.

Sasa hesabu. Kiwango cha kawaida cha PTO ni mizunguko 540 kwa dakika. Tuseme giaboksi inaipunguza mara 9. Rota itazunguka mara 60 kwa dakika, yaani mara moja kila sekunde. Ikiwa kipenyo cha rota ni mita 3, mzingo wake ni mita 9.4 hivi, kwa hiyo ncha ya kidole husafiri mita 9.4 kila sekunde, karibu kilomita 34 kwa saa. Chukua rota nyingine ya ukubwa uleule, ila giaboksi yake inapunguza chini kidogo ya mara 7, na rota inafika mizunguko 80. Ncha ya kidole sasa inakwenda kilomita 45 kwa saa. Kasi imeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini nishati ya pigo hupanda kwa mraba wa kasi. Kidole kinalifikia jani kikiwa na nishati karibu mara 1.8 ya ile ya mwanzo. Kwa macho rota hizo mbili zinafanana. Kwa jani hazifanani.

Na jani lenyewe halibaki vilevile mchana kutwa. Malisho yaliyokatwa asubuhi yana maji asilimia 75 hadi 80. Hei ya kufungwa kwa usalama inatakiwa kuwa na asilimia 15 hadi 18. Ili upate tani moja ya hei, tani mbili na robo hadi tatu na robo za maji lazima zitoke shambani kwenda hewani. Hazitoki kwa usawa. Jani ni jembamba, jua na upepo vinalipata pande zote mbili. Shina ni nene na ngozi yake inazuia maji kutoka. Inafika saa ambapo kipimo cha shamba kinaonyesha unyevu wa asilimia 30, lakini hiyo ni wastani wa vitu viwili visivyofanana: majani yaliyokauka mpaka yanavunjika, na mashina ambayo ukiyakwaruza kwa ukucha bado yanachubuka ngozi.

Katika lusini, majani ni karibu nusu ya uzito mkavu wa mmea lakini yamebeba karibu theluthi mbili ya protini yote. Kila jani linalodondoka limeondoka na sehemu yake. Ndiyo maana wataalamu wa malisho hushauri lusini ikusanywe kwa reki ikiwa bado na unyevu wa asilimia 40 au zaidi, kisha imalizie kukauka ndani ya tuta. Ikikusanywa hivyo, kinachopotea ni asilimia chache za uzito. Ikiachwa ikauke sana, upotevu wa reki peke yake unaweza kupita asilimia 10, na kinachopotea ni majani, wala si mashina.

Unganisha sasa vipande viwili hivi. Rota ya mizunguko 60 saa tatu asubuhi, umande ukiwa unamalizikia na jani likiwa bado laini, si rota ileile saa nane mchana. Giaboksi haijui saa. Inapunguza mara 9 asubuhi na mara 9 mchana. Mwenye kujua ni dereva, na chombo alichonacho ni gesi ya trekta. Reki haihitaji nguvu nyingi kama mashine ya kukata, kwa hiyo hakuna sababu ya kuisukuma PTO mpaka 540 kama majani ni makavu na tuta ni jepesi. Vitabu vya maelekezo vya reki nyingi za rota huruhusu mizunguko ya chini ya hapo.

Lakini ukipunguza mzunguko bila kupunguza mwendo wa trekta, unaingia kwenye shimo la pili. Rota ile ya mzunguko mmoja kwa sekunde, iwe na mikono 10. Trekta likienda kilomita 8 kwa saa, linasonga mita 2.2 kila sekunde, na kila mkono unapata kipande cha sentimita 22 cha kuchana. Likienda kilomita 12, kila mkono unabebeshwa sentimita 33. Ikizidi uwezo wa vidole, michirizi ya majani inabaki nyuma. Dereva anageuka, anaiona. Badala ya kupunguza mwendo, anaishusha reki. Vidole vinaanza kukwaruza ardhi, vumbi linapanda nyuma ya trekta, na faida yote ya giaboksi imekwisha, kwa sababu vidole vimerudi kuigusa ardhi ileile ambayo gia ziliwekwa ili visiiguse.

Mwenye shamba akimwambia, "Kijana wangu, punguza mwendo," atajibiwa, "Mzee, yaangalie mawingu yale." Na huenda yuko sahihi kuhusu mawingu. Dereva anayelipwa kwa idadi ya marobota ana sababu nyingine ya kukimbia ambayo haizungumzwi: marobota huhesabiwa tu, na hakuna anayeyapima kwa tanuru.

Huku kwetu lusini hulimwa, lakini si yenyewe inayojaza maghala. Nchini Kenya robota la kawaida ni la Boma Rhodes, nyasi ya Afrika hii hii ambayo leo inalimwa hadi Australia na Oman. Tanzania, shamba la serikali la Vikuge huko Kibaha limekuwa likiwauzia hei wafugaji wa Pwani na Dar es Salaam. Nyasi hizi haziangushi majani kirahisi kama lusini. Jani ni refu, limelishika shina kwa ala ndefu, na shina lenyewe ni jembamba. Unga wa kijani sakafuni utakuwa kidogo. Kwa hiyo ushauri wa Wisconsin usibebwe mzima mzima na kutuliwa Naivasha: asilimia 40 ni kipimo cha lusini, na nyasi huvumilia kukusanywa zikiwa kavu zaidi.

Udongo, hata hivyo, haubagui zao, na kwenye nyasi unaumiza zaidi. Nyasi zilizoachwa zikavuka wakati wa kuchanua hushuka protini haraka. Ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumbo kuu la ng'ombe havipati nitrojeni ya kutosha kumeng'enya nyuzinyuzi, na ng'ombe hupunguza kula hata kama hori limejaa. Hei iliyo kwenye ukingo huo haina nafasi ya kuchanganywa na kitu kisicho na protini kabisa. Robota la kilo 15 lenye udongo wa ziada asilimia 3 limebeba nusu kilo kasoro kidogo. Nunua marobota 100 na umesafirisha kilo 45 za udongo, ukalipa lori, vibarua na ghala kwa ajili yake.

Mpaka hapa nimezungumzia kilichoongezwa na kilichopotea. Kuna kosa la tatu la reki ambalo halionekani siku ile, huonekana baada ya majuma. Rota inayozunguka kasi kupita kiasi, au kamu iliyolika, au reki ya magurudumu ikivutwa kwa haraka, huweza kusokota majani yakawa kamba nene badala ya tuta laini. Nje kamba hiyo inang'aa na kupasuka ukiikunja. Ndani bado mbichi. Mashine ya kufunga inapita, inafunga vyote pamoja, na sehemu ile mbichi inaingia katikati ya robota.

Humo ndani vijidudu vinaanza kula sukari na kutoa joto. Joto likipanda zaidi ya nyuzi 40 hivi, kemia nayo inashika kazi: sukari na protini zinaungana. Mfaransa Louis Camille Maillard ndiye aliyeueleza muungano huo mwaka 1912, na ndio unaoipa mikate na chapati rangi yake ya kahawia na harufu tamu. Kwenye hei unafanya hivyo hivyo. Robota lililopata joto huwa la kahawia, linanukia tumbaku au sukari iliyoungua, na ng'ombe hulipenda. Mfugaji akiona wanalichangamkia huridhika. Maabara inasema vingine: protini iliyoungana na sukari kwa namna hiyo haimeng'enywi vizuri, inaingia mbele na kutoka nyuma.

Wala joto hilo haliui kila kiumbe. Miaka ya 1870 mwanafizikia John Tyndall, akifanya majaribio ya kuua vijidudu kwa kuchemsha vimiminika huko London, alishangaa kuona mbinu zilizokuwa zikifanikiwa zimeacha kufanikiwa. Aliyemshuku baadaye ni mgeni wa maabara yake: hei kuukuu iliyokuwa imeletwa ndani, na vumbi lake limeenea hewani. Ndani ya vumbi hilo mlikuwa na mbegu za bakteria zinazostahimili maji ya kuchemka. Bakteria wengine wanaopenda joto hustawi kwenye marobota yaliyofungwa na unyevu, na vumbi lao likivutwa na mtu miaka nenda rudi huleta ugonjwa wa mapafu unaojulikana kwa wakulima wa hei wa nchi za baridi: homa, kikohozi na kubanwa pumzi saa chache baada ya kufungua marobota. Kijana anayelisha ng'ombe kwenye banda lililofungwa, akikohoa kila jioni, asidhaniwe moja kwa moja kuwa ana mafua.

Joto hilo lina hatari nyingine, nayo ni moto. Likifika nyuzi 55 katikati ya rundo, lichunguzwe kila siku. Likifika 65, lichunguzwe kila saa chache na marobota yaanze kutenganishwa. Kwenye 80 waite zimamoto kabla ya kugusa kitu, kwa sababu ukilifungua rundo unaliingizia hewa. Hatari hiyo ni kubwa katika majuma ya kwanza baada ya kufunga, ingawa wengi hujisahau mapema zaidi kwa kudhani hei iliyoingia ghalani imekwisha salimika.

Kuna wafugaji watakaosoma haya yote na kusema, sisi hatuna reki wala trekta. Tuna panga au fyekeo, reki ya mkono, na sanduku la mbao la urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45, unalojaza majani, kuyakanyaga na kuyafunga kamba, ukapata robota la kilo 20 hivi. Kwenye suala la ubora, hao wako mbele kuliko wanavyodhani. Mkono wa mtu haupigi jani kwa kilomita 45 kwa saa. Reki ya mbao huinuliwa penye mawe na kushushwa penye majani bila kamu. Kinachobaki kwao ni saa: kukusanya jani likiwa bado laini, kufunga shina likiwa limekauka. Chukua konzi ya hei, ipinde na kuisokota kwa mikono miwili. Mashina yakikatika kwa mlio, funga. Yakijipinda tu, ngoja.

Wenye reki za rota, nyingi zikiwa zimenunuliwa zikiwa zimekwisha tumika nje, wana kazi nyingine kabla ya msimu. Giaboksi ya reki huugua polepole na bila kelele nyingi. Beringi ikilika, rota inayumba. Upande mmoja vidole vinaning'inia juu mno, upande mwingine vinachimba, na hakuna namna ya kurekebisha kimo ikakubali. Dereva atahangaika na magurudumu ya kimo siku nzima wakati tatizo liko juu ya kichwa cha rota. Njia ya kulijua ni kuushika mkono mmoja wa rota, mashine ikiwa imezimwa, na kuutikisa juu na chini. Mafuta yamwagwe kidogo kwenye kopo safi: yakiwa meupe kama yamechanganywa na maziwa, maji yameingia, yakimetameta, chuma kinasagika. Baadhi ya rota hujazwa grisi laini badala ya mafuta, na anayezijaza mafuta mepesi kwa kubahatisha atayakuta chini ya mashine kesho yake.

Kuna pia bolti ya usalama kwenye shafti, iliyotengenezwa iwe dhaifu makusudi. Rota ikigonga kisiki, bolti hukatika na gia hubaki salama. Ikikatika mara mbili kwa siku, fundi mwenye haraka huweka bolti ngumu ya lori. Haitakatika tena. Siku ya kisiki kingine kitakachokatika ni jino la pinioni, na jino hilo haliuzwi duka la pembeni.

Adui wa mwisho ni kamba. Vipande vya kamba za marobota vilivyotupwa shambani msimu uliopita, hasa vya plastiki visivyooza, huokotwa na vidole, hujisokota kwenye shafti na kukaza, mpaka vinafika kwenye sili ya mafuta na kuikata. Mafuta huanza kudondoka juu ya tuta, tone kwa tone, kwenye chakula cha ng'ombe wa maziwa, huku giaboksi ikikauka ndani. Kamba hizo huondolewa kwa kisu kikali na subira. Anayeingia chini ya rota kuzikata azime trekta kwanza na atie ufunguo mfukoni mwake mwenyewe, kwa sababu shafti ya PTO ikiwa kwenye 540 huzunguka mara 9 kila sekunde, na mkono wa shati ukinaswa hapo hakuna aliye karibu kiasi cha kuwahi.